Je, wajua kwa nini kabureta kubwa hulegeza lori kuukuu?

Mjomba wangu ana Bedford. Si ya kupigia picha. Ni lori la kazi, la petroli, lenye injini ya silinda 6 na ujazo wa lita 3.5, na katika umri wake limebeba maji, mawe ya kujengea, ng'ombe, na siku moja msafara mzima wa harusi kutoka Dagoretti hadi Limuru. Mwaka jana alichoshwa na ulegevu wake. Fundi aliyekuwa akilitazama akamwambia, "Mzee, hii injini haipumui. Hapa Nairobi hewa ni nyepesi. Tuiwekee kabureta kubwa uone moto." Ikatafutwa kabureta huko Kirinyaga Road, ile barabara ambayo wengi wetu bado twaiita Grogan. Ilikuwa na makoo mawili, yaani njia mbili za hewa, imetoka kwenye injini ya V8. Kikakatwa kibati cha kuiunganisha na manifoldi, lile bomba linalogawa hewa kwenye silinda, na jioni hiyo lori likawashwa watu wakiwa wamelizunguka.

Lilinguruma vizuri mno. Shida ilianza lilipotakiwa kuondoka. Mjomba akikanyaga mafuta, injini inazubaa kwanza, inakohoa mara moja, kisha ndiyo inakumbuka kazi yake. Kwenye mwinuko wa Kangemi, tangi la maji likiwa limejaa mgongoni, alishusha gia hadi ya kwanza, mahali ambapo siku zote alikuwa akipanda na ya pili. Nyuma yake moshi mweusi, na ndani ya moshi huo matatu zinampigia honi. Petroli iliyokuwa ikimtosha siku tatu sasa ikawa ya siku mbili.

Kabureta kubwa huingiza hewa nyingi, na hewa nyingi ni nguvu nyingi. Hesabu hiyo ingemridhisha mtu yeyote. Sasa imeharibikia wapi?

Imeharibikia kwenye neno "huingiza". Kabureta haiingizi hewa. Haina feni wala kitu chochote cha kuisukuma. Ni mlango tu, ila mlango wenye mizani. Anayevuta ni injini yenyewe: pistoni inaposhuka huku valvu ya kuingizia iko wazi, silinda inabaki na nafasi tupu, na hewa ya nje inakimbia kuijaza. Injini ya mipigo minne hufanya hivyo mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo ukijua ujazo wa injini na kasi inayozunguka, umeshajua hewa inayomeza, na hakuna kabureta itakayoifanya imeze kuliko tumbo lake.

Hesabu hiyo tuliifanya kwa chaki kwenye boneti. Lita 3.5 mara mizunguko 3,000 kwa dakika, kasi ambayo mjomba hathubutu kuipita, ni 10,500. Gawanya kwa mbili, kwa sababu ya ile mizunguko miwili, unapata 5,250. Lakini silinda za injini ya kale hazijai pomoni. Njia za hewa zina kona, valvu hufunguka kwa muda mfupi, na kwa lori la zamani ukikadiria kwamba zinajaa kwa asilimia 75 hadi 80 hutakuwa mbali na ukweli. Tukachukua 75. Jibu likawa kama lita 3,940 za hewa kwa dakika. Wamarekani hupima kabureta zao kwa futi za ujazo kwa dakika, na futi moja ya ujazo ni lita 28.3, kwa hiyo wao wangesema injini hii inahitaji futi 139. Ukiwa na Land Cruiser ya zamani yenye injini ya 2F, lita 4.2, ukaizungusha hadi 3,600 na kukadiria asilimia 80, utapata kama lita 6,050, yaani futi 214. Kabureta za futi 600 ambazo vijana huzitamani mitandaoni zinaizidi hata hiyo Land Cruiser, na kwa mbali.

Basi mlango ukiwa mpana kuliko hewa inayopita, kuna hasara gani? Si utabaki na nafasi tu?

Ingekuwa hivyo kama kazi ya kabureta ingekuwa kupitisha hewa peke yake. Kazi yake ngumu ni ile nyingine: kupima petroli. Na chombo chake cha kupimia ni mwendo wa hewa. Ndani ya koo la kabureta kuna mahali pamebanwa, panapoitwa venturi, kwa jina la Giovanni Battista Venturi, mwanafizikia wa Italia aliyeandika mwaka 1797 kuhusu vimiminika vinavyopita mahali pembamba. Hewa ikifika hapo hulazimika kukimbia, kama maji ya kuoshea gari unapobana mdomo wa mpira kwa kidole gumba. Na hewa inayokimbia hupoteza shinikizo. Pembeni kuna bakuli la petroli, ambamo shinikizo ni lile la kawaida la nje, na kijibomba kinachotoka bakulini kinaishia hapo pembamba. Tofauti ya shinikizo ndiyo inayoinyanyua petroli na kuimwaga kwenye mkondo wa hewa. Wanaokumbuka zile pampu za mkono za kupulizia dawa ya mbu watakuwa wameielewa kabureta bila kujua: unasukuma hewa juu ya kijibomba, dawa inapanda yenyewe na kuruka kama ukungu.

Sasa tazama kilichofanyika kwenye Bedford. Kabureta ya zamani ilikuwa na koo moja, mahali pembamba pana kipenyo cha milimita 30. Ile mpya ilikuwa na makoo mawili ya milimita 30 kila moja, yanayofunguka pamoja. Chukua lori likiwa kwenye mwinuko, mguu umekanyaga hadi chini, injini imeshuka hadi mizunguko 1,000. Katika ile kabureta ya zamani, hewa ilipita pale pembamba kwa kasi ya karibu mita 31 kwa sekunde, yaani kama kilomita 111 kwa saa, mwendo ambao matatu ikikamatwa nao Thika Road kuna kesi. Katika ile mpya hewa ileile inagawanywa njia mbili, kasi inashuka nusu hadi kama kilomita 56 kwa saa. Hapo utasema, nusu si mbaya. Lakini mvuto, yaani ile tofauti ya shinikizo, haufuati kasi moja kwa moja. Unafuata kasi mara kasi. Kasi ikiwa nusu, mvuto unakuwa robo. Kabureta imeongezwa koo moja, na mizani yake imebaki na robo ya nguvu ya kupimia, tena hapo mlimani ambapo inahitajika zaidi.

Mvuto ukiwa hafifu, petroli huchelewa kutoka. Ndiyo ile kuzubaa. Ikitoka, hutoka kwa matone manono badala ya ukungu, na matone hayachomeki vizuri. Mengine yanaganda kwenye kuta za manifoldi na kutiririka polepole kama jasho. Fundi, kuona injini inazubaa, akadhani inakosa petroli, akaweka jeti kubwa zaidi. Jeti ni kile kijiti cha shaba chenye tundu linalopitisha petroli. Kwa hiyo mguu ukigusa mafuta injini ilikuwa na njaa, na sekunde mbili baadaye imevimbiwa. Plagi zilitoka nyeusi kwa masizi. Kijiti cha kupimia oili kilinuka petroli, na hilo ndilo lililonitisha kuliko moshi, maana petroli isiyochomeka huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi chini, na oili iliyochanganyika na petroli haiwezi tena kulinda beringi.

Nadhani sehemu ya kosa hili tumeirithi kutoka Safari Rally. Dereva Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na magari ya Datsun, na kizazi kizima cha vijana wa Nairobi kikajifunza kuwa injini ya maana ni ile inayolia. Ni kweli, gari la mbio hufaidika na koo pana, kwa kuwa dereva wake haachi injini ishuke. Muda wote iko juu, hewa inakimbia. Lori la maji halina maisha hayo. Linaishi kati ya mizunguko 1,000 na 2,500, linaondoka kwenye vumbi, linasimama kwenye matuta, linasubiri kwenye mzunguko wa barabara. Anayelichagulia kabureta kwa kuangalia kasi yake ya juu kabisa analichagulia kwa ajili ya dakika mbili za siku.

Turudi kwenye neno la fundi kwamba hewa ya Nairobi ni nyepesi. Hapo alisema kweli tupu. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito pungufu wa kama asilimia 15 ukilinganisha na ya Mombasa. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, na hakuna spana itakayoirudisha. Aliteleza katika hatua iliyofuata. Pistoni ya Bedford ikishuka mjini Mombasa humeza ujazo fulani wa hewa. Ikishuka Nairobi humeza ujazo uleule. Kilichopungua ni uzito. Fikiria gorogoro mbili, moja ya mahindi na nyingine ya bisi: gorogoro ni ileile, hata ukiipanua mdomo bisi haitakuwa mahindi. Na kwa kuwa koo la kabureta huchaguliwa kwa ujazo wa hewa, kabureta iliyotosha Mombasa inatosha Nairobi, na inatosha Limuru pia.

Kinachobadilika ni petroli. Injini ya petroli hutaka hewa kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya petroli ili vyote viishe pamoja. Kwa lita, petroli lita moja huhitaji hewa zaidi ya lita 9,000 usawa wa bahari, na hapa kwetu karibu lita 11,000. Kabureta haijui habari hizi za uzito. Hewa ya Nairobi inapopita, mvuto wake hupungua kidogo, lakini petroli haipungui kwa kiasi kilekile hewa ilivyopungua uzito. Ukifuata hesabu, mchanganyiko unakuwa mzito kwa kama asilimia 9. Yaani injini iliyopangwa kwa ajili ya pwani ikipandishwa hadi hapa inapewa petroli nyingi mno, si kidogo. Dawa yake ni kupunguza jeti, sio kuongeza kabureta. Na mpunguzo wenyewe ni mdogo sana kwa macho. Jeti za Weber, kwa mfano, zimeandikwa namba za kipenyo kwa mia za milimita: 140 ni tundu la milimita 1.40. Kutoka 140 kwenda 135 ni tofauti ya unywele, lakini kwa kuwa petroli hufuata eneo la tundu, hiyo ni asilimia 7 imeondoka. Muulize fundi yeyote wa boda boda; wao hubadilisha jeti kila siku na hawahitaji kuelezwa. Ila tafadhali asikupanulie tundu kwa waya. Jeti iliyokwanguliwa huwezi tena kujua ni namba ngapi.

Je, kabureta ya makoo mawili ni mbaya basi? Hapana, mradi hayafunguki pamoja. Kabureta nyingi za Kijapani za pikapu, na ile Weber 32/36 ambayo wenye Land Rover za zamani huipenda, zina koo la kwanza linalofanya kazi peke yake mguu ukiwa mwepesi, na la pili linalojiunga baadaye injini ikidai. Kwa njia hiyo hewa hukimbia vizuri chini na haikosi nafasi juu. Kama lazima ubadilishe, mimi ningetafuta ya aina hiyo kabla ya nyingine yoyote. Zingatia tu kwamba 32 na 36 ni vipenyo vya makoo pale penye kibati cha duara, kile kinachofunguka ukikanyaga mafuta, si pale pembamba. Pale pembamba ni milimita 26 na 27. Watu wamenunua kabureta kwa namba isiyo yake kwa sababu ya hilo.

Na ukikutana na namba za Kimarekani, kuna mtego mwingine. Kabureta ya makoo manne hupimwa kwa mvuto wa inchi 1.5 za zebaki (kipimo cha shinikizo), ya makoo mawili kwa inchi 3. Yaani ile ya makoo mawili imevutwa kwa nguvu mara mbili ndipo ikaandikwa namba yake. Ukitaka kuzilinganisha, gawanya namba ya makoo mawili kwa 1.41. Futi 350 ya makoo mawili ni sawa na kama futi 248 kwa kipimo cha makoo manne.

Kuna njia ya kujua kama kabureta yako ni ndogo kweli, bila kubishana. Unganisha geji ya mvuto kwenye manifoldi, pakia lori, tafuta mlima, kanyaga mafuta hadi chini na uache injini ifike kasi yake ya juu huku mwenzako akisoma geji. Kile kibati cha duara kikiwa wazi kabisa, mvuto ndani ya manifoldi unatakiwa uwe karibu na sifuri. Ukibaki chini ya inchi 1.5 za zebaki, kabureta haiizuii injini, tafuta mchawi kwingine. Ukipanda juu ya inchi 2, hapo ndipo malalamiko ya koo dogo yana msingi.

Sisi tuliirudisha kabureta ya zamani na kupima. Haikufika inchi 1.5. Mchawi alikuwa kwingine, na hakuwa mmoja. Kichujio cha hewa kilikuwa kimeshika vumbi jekundu. Mhimili unaobeba kile kibati cha duara ulikuwa umelika. Ukiutikisa kwa vidole unacheza, na kupitia uwazi huo hewa isiyopimwa ilikuwa ikiingia kila injini inapotulia. Hali hiyo ndiyo huwafanya wengi waitupe kabureta nzima wakidhani ni ndogo au imekufa. Fundi wa kukereza vyuma huko Kariobangi Light Industries alitia bushi mbili za shaba, kazi ya asubuhi moja. Boya la bakulini, linaloamua petroli ijae hadi wapi, lilikuwa limewekwa juu mno, tukalishusha. Na jeti ilikuwa ya pwani. Lori hilo mjomba alilinunua Mombasa na hakuna aliyewahi kuigusa. Tukaweka iliyo ndogo kwa hatua moja.

Kangemi sasa linapanda na gia ya pili. Halipandi kwa kasi. Ni Bedford, lina tangi la maji, na ile asilimia 15 ya nguvu haijarudi wala haitarudi. Lakini halikohoi, na plagi zimekuwa za kahawia kama chai ya maziwa.

Ile jeti ya zamani mjomba alitaka kuitupa. Tukamzuia. Akiteremka na lori pwani, kila mita anayoshuka hewa inaongezeka uzito huku petroli ikibaki ya Nairobi, mchanganyiko unakuwa mwepesi mno, moto unakuwa mkali, na valvu za kutolea moshi ndizo huungua kwanza. Kwa hiyo jeti imefungwa kwa karatasi, imewekwa ndani ya kopo la filamu pamoja na bisibisi fupi, kopo liko chini ya kiti cha dereva. Ataibadilisha Voi, ambako atakuwa ameshashuka zaidi ya mita 1,000, wakati utingo akinywa chai.